Mwalimu wa Kuzika Sheria

Kompyuta yake aliibeba ndani ya kikapu cha ukili, imeviringishwa kwenye kanga, na juu yake aliweka daftari na ndizi mbili mbivu. Asiyemjua angedhani anatoka sokoni. Hivyo ndivyo alivyopita mbele ya cherehani yangu kila Jumamosi kwa miaka mitano, akielekea ghorofa ya tatu, ambako mawakili wa mjini walimngoja awafundishe kutafuta sheria kwenye mtandao. Jengo letu lina lifti, na siku nyingine hata inafanya kazi. Hakuipanda hata mara moja. Alisema hawezi kuingia kwenye sanduku linalofungwa na mtu asiyemwona.

Mimi ni fundi wa majoho. Chumba chetu kiko chini kabisa katika jengo hilo, si mbali na mahakama ya mjini, na wateja wetu wengi ni mawakili ambao joho limechanika kwapani au wameongezeka mwili. Niliishia darasa la saba. Kuandika ninajua, ila naandika polepole, na mbele za watu maneno hunipotea. Nasema hivyo mapema kwa sababu ndiyo sababu ya mimi kumfahamu.

Wote tulimwita Mwalimu. Jina alikuwa nalo, lakini hakupenda litajwe. "Mtu akitaka jina langu kamili," alisema, "anataka kunishtaki." Alikuwa mama kutoka Kagera, alisali kwa Walutheri, na alikuwa amestaafu kazi ya maktaba. Mengine ya ukoo wake siyajui, na sikuwahi kuuliza.

Nasikia mafunzo yale yalianza vibaya. Yalipangwa na umoja wa mawakili wenyewe, na kila wakili alitakiwa kuhudhuria. Mwalimu alikuja na picha za ukutani, hatua ya kwanza, hatua ya pili, bofya hapa, bofya pale. Mawakili walisaini karatasi ya mahudhurio, wakanywa chai ya saa nne, wakashuka ngazi mmoja mmoja wakishika simu sikioni kama watu walioitwa na jaji. Nilikuwa nawaona wakipita. Waliobaki walilala au walizungumza mpira.

Mwalimu hakulalamika kwa mtu. Jumamosi iliyofuata alibadilisha mambo mawili. Chai aliihamishia mwishoni, baada ya jibu kupatikana. Wakili mmoja mnene, mteja wangu wa siku nyingi, alinyanyua mkono akasema, "Mwalimu, hii ni adhabu bila kusikilizwa." Akajibiwa, "Kata rufaa, msomi. Ila itafute kwanza sheria ya rufaa, na uipate kabla chai haijapoa."

Jambo la pili lilikuwa kiti. Alikataa kufundisha kwa maswali ya kubuni. Aliweka kiti kimoja mbele, na kila Jumamosi mtu mwenye swali lake la kweli alikaa pale: muuza dagaa wa mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakoshusha samaki, aliyeambiwa ahame kwenye eneo lake, dereva wa bodaboda aliyezuiliwa pikipiki yake kituoni, mjane wa Igoma aliyetaka kujua kama shemeji anaweza kumtoa nyumbani. Mawakili walikaa wawili wawili kwenye kompyuta zao wakatafuta. Hapo usingizi uliisha, maana ni vigumu kusinzia mbele ya mama anayekutazama usoni akingoja umwambie atalala wapi.

Mimi niliingia kwa mlango huo. Siku moja alisimama mbele ya meza yangu nikiwa naandika vipimo vya joho kwenye kitabu, akanitazama muda mrefu mpaka nikakosea.

"Fundi, unaandika taratibu."

"Ndiyo, Mwalimu. Sikusoma sana."

"Nakuhitaji juu kwa saa moja."

Kazi aliyonipa ilikuwa hii. Wakili akishapata jibu, alitakiwa kumweleza mwenye swali, na mimi nikae pembeni niliandike kwa mistari mitatu. Kama sikuweza kuliandika, wakili hakuwa ameeleza. Kama mistari ilizidi mitatu, wakili hakuwa ameelewa. Wengine walichukia. Mmoja aliniambia, "Wewe fundi, andika haraka bwana, mimi nina kesi Jumatatu." Mwalimu akamjibu kutoka nyuma ya chumba, "Huyo ndiye kesi yako ya leo. Rudia." Aliirudia mara nne. Mara ya nne ilikuwa fupi sana, na mwenye swali akatikisa kichwa na kusema, "Kumbe! Ungesema hivyo tangu mwanzo, baba."

Mwalimu alikuwa na maneno yake ambayo hayakuisha kinywani. Wakili akisema "mtandao umesema," alimkatisha: "Mtandao hauna mdomo. Nani amesema? Lini? Umeiona wapi?" Wakili akiandika swali zima kwenye sehemu ya kutafutia, kama vile anaandika barua kwa shangazi, alimwambia, "Punguza hadithi. Maneno mawili, matatu, basi." Zile alama za kufungua na kufunga usemi aliziita mikono miwili: ukitaka maneno yasiachane, yashike kwa mikono miwili. Na juu ya jibu la kwanza linalotokea, alikuwa na mfano wa sato. "Ukienda sokoni unanunua sato kwa kutazama magamba? Unafunua shavu. Tarehe ndiyo shavu la sheria. Funua kwanza, ndiyo ulipie."

Mwenye jibu sahihi wa kwanza alipewa pakiti ya senene. Hakuna zawadi nyingine aliyowahi kutoa. Wakili mmoja Msukuma, kijana mrefu aitwaye Maduhu, alisema kwao panzi ni chakula cha kuku. Wiki ya tatu alikuwa anakimbilia kompyuta kabla swali halijaisha, na niliwahi kumkuta kwenye ngazi akitafuna peke yake ili asiombwe.

Lakini kilichoujaza ukumbi ule mpaka watu wakaleta viti kutoka ofisini kwao ni misiba.

Ilianza kwa hasira. Wakili mmoja alitaja kifungu kilichokuwa kimefutwa siku nyingi, akakitetea kwa sauti kubwa, na alipoonyeshwa kwamba kimefutwa akasema bado kina maana. Mwalimu akauliza, "Huyu ni marehemu, msomi. Unamtuma kazini?" Chumba kizima kilicheka. Yeye alienda nyumbani akalifikiria, na Jumamosi iliyofuata alikuja na sheria yake mwenyewe: anayetaja kifungu kilichokufa ndiye mfiwa. Lazima atafute kilizaliwa lini, kiliugua nini, nani alikiua, nani amerithi nafasi yake, kisha asimame asome wasifu wa marehemu kama tunavyosoma kwenye misiba yetu, wenzake wakiwa wamesimama kwa heshima.

Wakili mnene yule ndiye aliyesoma vizuri kuliko wote. Nakumbuka sehemu. "Marehemu alizaliwa Bungeni akiwa na afya njema. Alipata elimu yake katika mahakama mbalimbali, nyingine zikimsifu na nyingine zikimlaumu. Alianza kuugua alipokatwa kifungu kidogo cha pili. Alihamishiwa Mahakama ya Rufani kwa matibabu zaidi, ambako hali yake ilibadilika. Ameacha kanuni tatu na tangazo moja. Sisi tulimpenda, Bunge halikumpenda." Nyuma mtu alikuwa analia kilio cha uongo, "Uwii, kifungu changu, umeniacha na nani!" Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Lakini kabla hawajakaa aliuliza, "Na aliyemuua, tarehe yake umeiona wapi?" Wakili mnene hakuwa ameiona. Wakasimama tena wote mpaka ilipopatikana.

Ndivyo walivyojifunza. Mtu aliyewahi kusoma wasifu wa kifungu mbele ya wenzake hakisahau tena, wala hasahau kumfunua shavu kifungu kingine. Jumatatu walikuja kwangu kuchukua majoho wakiulizana kwa utani, "Mwenzangu, umeacha wangapi wagonjwa?"

Siku moja kijana mmoja aliyemaliza masomo karibuni alileta hukumu nzuri sana, yenye jina, namba na maneno ya jaji. Wote wakaitafuta, hawakuiona popote. Mwishowe akakiri kwamba aliipata kwenye ile programu ya simu inayojibu maswali. Watu wakasimama tayari kwa msiba. Mwalimu akawakalisha. "Kaeni. Huyu hatuwezi hata kumzika. Hajazaliwa." Kijana aliinamisha kichwa. Mwalimu alimfuata baadaye pale ngazini, nikiwa nafunga duka, akampa ndizi moja ya kikapuni na kumwambia, "Si vibaya kuuliza kile kitu. Vibaya ni kuamini kwa sababu kimejibu kwa adabu."

Asidhani mtu kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mtandao. Anwani zote za tovuti aliziandika kwa penseli kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri ulionyooka kama umechapwa. Ujumbe wa simu aliuandika kama barua ya ofisi. Nilipomshonea sketi alinitumia hivi: "Ndugu Fundi. Yahusu: kifungo cha kiunoni. Rejea mazungumzo yetu ya jana." Akiumwa goti, hakutafuta dawa mtandaoni, aliuliza majirani wake wa Butimba, na kila jirani alimpa dawa tofauti, na zote alizitumia. Aliwakemea mawakili kwa kuchelewa dakika tano, ila aliwahi kupotea Buhongwa saa nzima kwa kufuata ramani ya simu, akaishia kwenye zizi la mbuzi, na alipofika ukumbini alisema kosa ni la mbuzi.

Alikuwa pia na kitu ambacho sikukielewa kwa muda mrefu. Watu wakicheka kwenye misiba ile, naye akicheka, kila mara ulifika wakati akaacha ghafla na kuuliza, "Na kabla hakijafa, kilimgusa nani?" Hakuna aliyejibu swali hilo. Lilionekana kama la nyongeza.

Sasa niseme la nyumbani kwetu.

Mdogo wangu Mwajuma alipata mimba akiwa kidato cha pili. Baba yetu alishafariki. Tupo mama, mimi, yeye, na sasa Nasra, mtoto wake. Katika ukoo wetu wa pale mjini hakuna aliyefika kidato cha nne. Watu wetu ni mafundi na wachuuzi, wema, ila wakiletewa karatasi wanatafuta wa kuwasomea. Mwajuma ndiye aliyekuwa anawasomea. Nasra alipofikisha mwaka na miezi kadhaa, Mwajuma alianza kufungua madaftari yake ya zamani huku ananyonyesha. Mama alienda shuleni kuuliza, akaambiwa mlangoni kwamba aliyetoka kwa sababu hiyo harudi, asisumbue watu. Alirudi akakaa jikoni bila kuvua mtandio.

Nilikuwa nakaa katika chumba kilichojaa mawakili kila Jumamosi, nikiandika majibu ya watu wengine, na swali hilo sikulisema. Niliona aibu. Nilidhani wakijua, watacheka kama walivyocheka mengine.

Jumamosi moja mwenye swali hakutokea. Kiti kikabaki wazi, mawakili wakaanza kuulizana habari za chai. Mwalimu akanigeukia.

"Fundi. Wewe huna swali?"

Nikasema sina. Akaendelea kunitazama kama siku ile ya vipimo. Basi nikaweka kalamu chini, nikaenda kukaa kwenye kiti, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akaniambia nirudie. Nikarudia: nina mdogo wangu, amezaa, anataka kurudi shule, wamemkatalia, je, ni kweli hawezi?

Hawakucheka. Wakili mmoja mzee, mwenye suti ya kahawia, ambaye hakuwahi kuifungua kompyuta yake katika mafunzo hayo, alijibu palepale. "Pole sana, kijana wangu. Hairuhusiwi. Jambo hilo liko wazi miaka yote. Mtafutie ufundi, kama wako."

Nilishaanza kuinuka. Mwalimu akasema, "Kaa." Kisha kwa yule mzee, kwa upole, "Mheshimiwa, umeiona wapi?"

"Mwalimu, hili halihitaji kutafutwa. Kila mtu analijua."

"Ndiyo maana tulitafute."

Walitafuta karibu saa nzima. Umeme ulikatika, wakaendelea kwa bando za simu zao. Maduhu ndiye aliyepata. Alisimama, akasoma kwamba ipo kanuni ya zamani ya kumfukuza shule mwenye mimba, lakini upo waraka wa wizara uliokuja baadaye, unaosema mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu hiyo anaweza kurudi, na kwamba kurudi kuna muda wake. Akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. "Muda haujaisha," akasema. "Lakini haujabaki mwingi."

Yakaanza mabishano. Wengine walisema kanuni ya zamani haijafutwa kwa jina, kwa hiyo haijafa, imepooza. Mwingine akasema yuko mahututi. Wakili mnene akasema mgonjwa wa hivyo ndugu huitwa kabisa waje kumuaga. Mwalimu akaamua. "Kanuni iacheni hospitali. Ule utaratibu wa kumwambia mtoto usirudi tena, huo umekufa, na Mheshimiwa ndiye mfiwa. Tusimame."

Yule mzee alikuwa muungwana. Alisimama, akavaa miwani, akaanza kusoma kutoka kwenye simu ya Maduhu: marehemu alizaliwa lini, aliishi wapi, alitumika katika shule zote, za mjini na za vijijini. Watu wakaanza kuchangamka. Kutoka nyuma mmoja akauliza, "Ameacha watoto wangapi?" Kicheko kikapita.

Mwalimu hakucheka. Alinyanyua mkono.

"Huyu marehemu nilimfahamu," akasema. "Nilimtumikia."

Akatuambia. Kabla ya maktaba alikuwa mwalimu wa malezi katika shule ya wasichana ya bweni. Kila muhula wasichana walipangwa mstari wakakaguliwa, na waliokutwa na mimba waliandikwa kwenye kitabu. Kazi ya kuandika ilikuwa yake. "Walinipa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri," akasema. "Niliandika majina saba katika miaka niliyokaa pale. Sikuvunja chochote. Sheria ilikuwa hai, nami nilikuwa mtu wa kufuata. Niliwasindikiza mpaka stendi, nikawanunulia soda, nikarudi kufundisha. Mmoja aliniuliza kama atarudi baada ya kujifungua. Nikamwambia hairuhusiwi. Sikufungua kitabu chochote kuangalia. Kila mtu alikuwa anajua."

Yule mzee wa suti ya kahawia aliketi taratibu. Mwalimu akaweka miwani yake sawa.

"Maduhu, mweleze Fundi. Mistari mitatu."

Mistari hiyo bado ninayo. Mwajuma ana haki ya kurudi shule. Muda wa kurudi haujaisha, lakini aende sasa. Mkuu wa shule akisema hajui, aonyeshwe waraka huu.

Nitasema ukweli: niliposhuka ngazi siku ile sikujua nimwone vipi Mwalimu. Alikuwa amenipa jibu ambalo nyumba yetu ilikuwa inalitafuta, na mkono ulionipa ndio ulioandika wale saba. Kwa wiki mbili nilipomwona anakuja na kikapu chake niliinama kwenye cherehani kama nina kazi nyingi. Hakunilazimisha kusalimia. Wiki ya tatu alisimama mbele ya meza akauliza, "Mmeshaenda?" Nikasema tunaenda kesho. Akasema, "Nendeni na mama. Na mama ndiye aongee."

Tulienda wanne: Maduhu na waraka aliouchapa, mama, Mwajuma na mimi. Nasra aliachwa kwa jirani. Mama hajui kusoma, lakini ile mistari mitatu nilimsomea kila jioni mpaka akaishika. Mkuu wa shule alitukaribisha vizuri, kisha akasema waraka huo yeye hajauona. Maduhu akafungua mdomo. Mama akamgusa mkono, akasimama, akaisema mistari yote mitatu bila kukosea hata neno, kama anasoma dua, na alipofika wa tatu akaunyoosha mkono kwa Maduhu, akaichukua karatasi na kuiweka mezani.

Mkuu aliisoma yote. Ilichukua muda, na mimi nilikuwa natazama miguu yangu. Halafu akauliza, "Sare anayo?"

"Kaka yake ni fundi," mama akajibu.

"Basi Jumatatu."

Nilishona usiku na mchana, sketi mbili na mashati mawili. Kiuno ilibidi nikiongeze, na Mwajuma alinitania, "Kaka, mimi si wakili, usinipimie kitambi." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitania tangu Nasra azaliwe.

Mwalimu aliacha kufundisha mwaka jana kwa sababu ya magoti. Ngazi zilimshinda, na lifti aliendelea kuikataa. Mafunzo sasa anayaendesha Maduhu. Misiba bado ipo, na senene pia, ingawa wa Maduhu ni wa kununua na wana chumvi mno.

Jumapili moja mwezi uliopita tulikwenda kumtembelea Butimba: mimi, Mwajuma ambaye sasa yuko kidato cha nne, na Nasra, ambaye ametimiza miaka minne na haachi kuongea. Mwajuma alitaka kumshukuru. Yale ya majina saba sikuwa nimemwambia. Nilijiambia si yangu kuyasema, ingawa nadhani nilikuwa naogopa tu.

Alitupikia ndizi na maharage. Amepungua mwili, sauti ni ileile. Mwajuma alitoa shukrani alizozipanga njiani, na Mwalimu akazisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kabla hujanishukuru, kuna jambo." Akamweleza mwenyewe, yote, kama alivyotueleza sisi, hakupunguza wala kujitetea. Hata soda za stendi alizitaja. Akaongeza kitu ambacho sikukijua: kwamba amekuwa akiwatafuta wale saba, amewapata wawili, na mmoja wa hao wawili hakutaka kuongea naye.

Mwajuma alikuwa anamfuta Nasra mdomo. Aliendelea kumfuta hata baada ya mdomo kuwa safi.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "shuleni kwetu mwaka huu wamerudi wengine wawili. Mmoja alikuja nyumbani kuniuliza. Alikuwa anaogopa hata kugonga."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia aje na mama yake. Tukaenda wote kwa mkuu. Mama yake naye hajui kusoma, tukamfundisha ile mistari. Yule wa pili hakuhitaji. Mkuu alimpokea mwenyewe."

Mwalimu aliinuka, akatoa vyombo, akakaa huko jikoni kwa muda mrefu kuliko vyombo vile vinne vilivyostahili.

Tulipoaga alisema atatusindikiza. Nikamwambia magoti, akasema magoti ni yake. Tulitembea taratibu mpaka barabarani, Nasra amemshika kidole na kumweleza habari za paka wa jirani. Gari lilipotokea kule mbali, Mwalimu alisimama mbele ya Mwajuma, akashika mikono yake yote miwili, akapiga goti kidogo, lile goti bovu, akasema:

"Shikamoo."

Mwajuma alishtuka. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, mdomo wazi. Binti wa umri wake hawezi kuitikia marahaba kwa mama wa umri ule. Hakuna aliyetufundisha neno la kujibu hapo. Mwalimu hakuondoa mikono. Alingoja. Kondakta alishaanza kupiga bodi la gari, "Haya, mjini, mjini, wanaopanda!"

"Marahaba!" akaitikia Nasra kwa sauti kubwa kutoka chini, kama anavyosikia wakubwa wakiitikia. "Hujambo?"

"Sijambo," akasema Mwalimu. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na Mwajuma akamshika kiwiko amsaidie kuinuka.